Supachaja ya Bwana Marashi

Mtu anayekata kucha mahali wenzake wanapofanyia kazi hafai kupewa hata baiskeli, sembuse gari la spoti. Nasema hivyo kwa sababu nilimwona kwa macho yangu. Alikaa kwenye kiti cha wageni karibu na cherehani yangu, akatoa kikata kucha mfukoni, akaanza: tak, tak, tak. Kipande kimoja kiliruka kikatua juu ya ngozi niliyokuwa nimeitandaza tayari kuikata, ngozi nzuri ya rangi ya maziwa. Nilikiokota kwa kibano nikakitupa, nikaifuta ngozi, nikaifuta tena, na bado siku nzima niliiona chafu.

"Samahani, mpendwa," aliniambia.

Mwanamume huyu humwita kila mtu mpendwa. Hata mbwa wa mlinzi wetu anaitwa mpendwa.

Sisi tulimwita Marashi. Jina alipewa na mdogo wangu na lilimkaa barabara, maana akiingia getini harufu yake ilimtangulia, na akiondoka ilibaki ndani imejikalia kama mgeni asiyejua kuaga. Kazi yake ni kupima macho na kuuza miwani. Lakini kwetu hakujulikana kwa miwani. Alijulikana kwa kumwoa mtalaka wa mdogo wangu.

Gereji ni ya mdogo wangu huyo. Yeye ni fundi wa injini, mimi nashona viti na dari za magari, na nyumba tunayoishi iko nyuma ya gereji, mlango kwa mlango. Alipoachana na mkewe walikuwa na mtoto mmoja wa kike, ambaye mimi nilimpa jina la Nukta siku aliyozaliwa, kwa udogo wake. Sasa yuko shule ya msingi na bado ni nukta tu. Siku za shule anakaa kwa mama yake. Ijumaa jioni analetwa kwetu, na Jumatatu asubuhi anachukuliwa kupelekwa shule. Mama yake anaingia kazini alfajiri, kwa hiyo anayemleta na anayemchukua ni Marashi, ambaye mtoto humwita Anko. Kila wiki wanaume hao wawili walikutana pale getini wakaamkiana kwa nusu mdomo, na mtoto akapita katikati yao na begi lake.

Ndiyo maana siku ya Jumatano, nilipoliona lile gari lake la bluu la viti viwili linaingia gereji mchana kweupe, nilijua kuna jambo. Alishuka, akafungua buti, akatoa boksi, akalipeleka kwenye meza ya mdogo wangu na kulifungua polepole kama anafungua keki.

Ndani mlikuwa na supachaja. Kwa asiyejua, supachaja ni pampu ya hewa. Inafungwa kwenye injini, inazungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo, na kazi yake ni kuishindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe. Hewa ikizidi, petroli inazidi, na nguvu inazidi. Joto nalo linazidi, na hapo ndipo maneno huanza.

"Nataka ushauri wako wa kweli," Marashi alimwambia mdogo wangu. "Gari hili nalitumia kila siku. Kazini, nyumbani, foleni, mlima, mvua. Sio gari la kuoshwa Jumapili na kupigwa picha. Nimesoma sana kuhusu jambo hili, lakini kusoma si kufunga. Wewe unaonaje, nifunge au nisifunge?"

 Mdogo wangu aliizungusha puli, lile gurudumu la mkanda, kwa kidole, akaisikiliza inavyoteleza, akatikisa kichwa kwa heshima ambayo sikuiamini.

"Kifaa kizuri," alisema. "Niachie mpaka Jumatatu niitazame injini. Nitakupa jibu."

Halafu akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ni lilelile alilokuwa nalo utotoni siku alipoweka sabuni kwenye chai ya mjomba.

Marashi alikuja kwangu naye akiwa na lake, na hapo ndipo alipokaa na kile kikata kucha chake. Kiti cha abiria, alisema, kina harufu kidogo, je ninaweza kukisafisha? Nikamwambia aache gari, arudi kesho. Akashukuru, akaniita mpendwa, akaenda kutafuta teksi. Kucha zake zilibaki sakafuni, nikazifagia mimi.

Mdogo wangu alinifuata nikiwa bado na ufagio. Alikuwa anakula yai la kuchemsha kwa mikono yenye grisi, amelishika kwa vidole vitatu, na alama nyeusi za vidole zilikuwa zimejichora kwenye ule weupe. Alilitia mdomoni lote.

"Nitamfungia," alisema.

"Inafaa?"

"Inafaa wapi? Injini ile imebana tayari, dada. Imetoka kiwandani imebana hivyo, haina nafasi ya kushindiliwa hewa nyingine. Ili ikae vizuri unatakiwa ubadilishe pistoni, upoze hewa kabla haijaingia, uirekebishe kompyuta ya injini, na upate petroli ya kueleweka kila siku ya Mungu. Yeye kaleta pampu na mkanda tu." Alitafuna. "Mwezi wa kwanza atafurahi. Gari litapaa. Kikija kipindi cha joto, kwenye foleni, injini itaanza kugongagonga ndani. Halafu siku moja pistoni itatoboka, na basi."

"Na hutamwambia?"

"Nimwambie nini? Kataka mwenyewe."

"Kakuomba ushauri. Na mtoto wako anapanda gari hilo."

"Gari likizima linazima tu, halilipuki. Watashuka pembeni, na mwanangu atamwona yule bwana na shati lake la pasi anasukuma gari juani, jasho linamtiririka mpaka marashi yanaisha." Alicheka, na kiini cha yai kilikuwa kimemganda kwenye meno. "Picha hiyo ndiyo naitaka. Mengine sina haja nayo."

Nyongo ilinipanda. Simpendi Marashi, na sikuanza kumpenda siku hiyo. Lakini fundi anayefunga kitu huku anajua kitaharibika ni sawa na mpishi anayetemea chungu. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nishone viti.

Basi nikaenda kushona viti. Niliingia kwenye lile gari, nikafungua bolti za kiti cha abiria, nikakitoa nje nikakilaza juu ya meza. Kwa juu kilikuwa safi, safi ya kupitiliza, ngozi imesuguliwa mpaka imeanza kupauka. Marashi yalikuwa yamemwagwa humo bila huruma. Nilikata uzi wa mshono wa chini, nikalivua lile ganda la ngozi, na hapo nikarudi nyuma hatua kadhaa na kiganja puani.

Wanaosema mavi ya kale hayanuki hawajawahi kufungua kiti cha gari. Sponji lilikuwa na madoa juu ya madoa, ya njano, ya kahawia, mengine makavu yenye magamba, mengine bado mabichi. Yalikuwa matapishi, si ya siku moja wala ya mwezi mmoja. Yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya mshono, yakashuka, yakajikusanya chini, na juu yake marashi ya bei ghali yakamiminwa mpaka vyote viwili vikawa kitu kimoja chenye harufu ambayo sina jina lake. Chini ya zulia nilikuta mifuko ya plastiki imekunjwa vizuri, taulo ndogo, na chupa ya maji.  Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo.

Lile sponji nililitupa. Nilikata jipya, nikalivika ngozi, nikarudisha kiti. Mdogo wangu sikumwambia kitu, kwa sababu nilitaka kwanza kumsikia mwenye gari.

Marashi alikuja kesho yake jioni. Mdogo wangu alikuwa ametoka kufuata vipuri. Nilimngoja akae, nikauweka mfuko mmoja wa plastiki mbele yake.

"Nani anatapika kwenye gari lako?"

Aliutazama ule mfuko. Kwa mara ya kwanza sikusikia neno mpendwa.

"Mtoto," alisema.

"Nukta?"

"Ndiyo. Usimwambie baba yake, nakuomba. Mwenyewe kanisihi nisimwambie, analia kabisa. Sijui anaogopa nini. Nikamwahidi." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Ni Jumatatu tu. Siku nyingine hatapiki. Siku nyingine anaongea njia nzima, ananiuliza kwa nini taa ya gari lile ni moja, kwa nini polisi ana filimbi. Jumatatu hasemi neno. Anakaa amefunga mdomo, mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga, anajizuia. Tukifika juu ya mlima anashindwa."

"Umempeleka hospitali?"

"Tumekwenda, mimi na mama yake. Hana kitu. Daktari kasema ni mwendo wa gari. Nami nikafikiri sana. Jumatatu tunatoka hapa kwenu, sio nyumbani, kwa hiyo tunapita njia ya mlimani. Na gari hili kwenye mwendo mdogo halina nguvu. Kupanda mlima ule kwenye foleni ni gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, linaruka kama mbuzi. Nikasoma nikaona supachaja inatoa nguvu tangu mwendo mdogo kabisa. Hulazimiki kulipigia makelele wala kubadilisha gia kila dakika. Linapanda limetulia." Alivaa miwani. "Nataka tu lipande mlima bila kumchafua mtoto tumbo."

 Nilikuwa nimejiandaa kwa majigambo. Nilijua wanaume wa supachaja. Wamepita wengi hapa, wote wanazungumzia mbio, wote wana jamaa fulani wa kumwonyesha. Huyu alikuwa wa kwanza kunitajia matapishi.

"Si ungenunua gari la kawaida?" niliuliza.

"Hili nalipenda," alijibu, na angalau hapo alikuwa mkweli. "Na yeye analipenda. Siku za Alhamisi namwacha abonyeze honi mbele ya shule."

Kisha akatoa kitambaa akapenga kamasi kwa sauti ndefu, akakifungua kile kitambaa akatazama alichokipata. Nikakumbuka kwa nini simpendi.

Lakini kazi ni kazi. Nilimwambia: twende mlimani, nikae kiti cha mtoto, uniendeshe vilevile unavyomwendesha yeye. Mimi mwenyewe tumbo langu ni jepesi mno. Natapika kwenye basi, natapika kwenye lifti, kuna mwaka nilitapika kwenye bembea. Kama gari lile lina ugonjwa, ningeujua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tulipanda mlima kwenye foleni ya watu wanaotoka kazini. Ni kweli alibadilisha gia sana. Lakini mguu wake ulikuwa mlaini kwenye klachi, breki alizigusa mapema, na kwenye kona aliliachia gari lijikunje lenyewe. Sikupenda kukiri, ila alikuwa anaendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai mapajani. Tulifika juu, tukazunguka mbele ya shule, tukashuka. Tumbo langu lilikuwa limelala usingizi.

"Vipi?" aliniuliza.

"Gari halina neno," nilimwambia. "Na mwendo hauna neno."

"Sasa ni nini?"

 Nilichojua ni kwamba mtoto anatapika Jumatatu, na Jumatatu anatoka kwetu. Habari ya pistoni nilimwachia mdogo wangu aiseme mwenyewe.

Ijumaa jioni Nukta aliletwa. Aliruka kutoka garini, akamkimbilia baba yake, akamrukia shingoni, na baba yake akamnusa nywele kwa kelele, akakunja uso.

"Loh, huyu nani? Harufu hii siijui. Wewe ni mwanangu kweli au umetumwa?"

"Ni mimi, baba."

"Mbona unanuka duka la miwani? Nenda kaoge upesi, nikujue."

Mafundi walicheka. Mtoto naye alicheka, akakimbia kuoga. Mambo hayo yalikuwa ya kila Ijumaa na mimi niliyazoea, kama mtu anavyozoea mfereji wa maji machafu unaopita mbele ya mlango wake.

Jumapili mezani ikawa ule mchezo wao. Mdogo wangu anaposhiba huwa anamwiga Marashi. Anainuka, anabana mapaja, anatembea kwa hatua za kubembea, anajipulizia manukato ya hewani kwapani, na kusema "mpendwa, mpendwa". Halafu humpa mtoto zamu. Na mtoto alikuwa anamshinda baba yake. Alikuwa na ile namna ya kupenga kamasi na kufungua kitambaa, kamili kabisa, mpaka jicho moja linavyofumba. Siku nyingine hata mimi ningecheka.

Jumapili hiyo sikucheka. Nilimtazama usoni. Kila alipomaliza kituko kimoja aligeuka upesi kumtazama baba yake, akangoja. Baba akicheka, mabega yake yalishuka. Baba akichelewa kucheka, aliongeza kituko kingine, kikubwa zaidi, kichafu zaidi, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka pembeni. Mtoto wa umri ule alikuwa anafanya kazi ya kibarua pale mezani, na tajiri wake alikuwa anachokoa meno.

"Inatosha," nilisema. "Mwache mtoto ale."

"Dada, umekuwa mke wa Marashi wa pili?" alinijibu, na akacheka peke yake.

Jumatatu asubuhi kwa kawaida nakwenda kununua sponji na uzi, natoka kabla ya mtoto kuondoka. Jumatatu hiyo niliahirisha. Nilisimama mlangoni kwa gereji na kikombe cha chai, nikajifanya naikagua foronya ya kiti cha lori.

Mdogo wangu alikuwa na furaha. Meza yake ilikuwa imefutwa, boksi la supachaja limefunguliwa, spana zimepangwa. Marashi alipoingia na gari, alimpungia mkono kama rafiki wa zamani.

"Jibu langu ni funga," alimwambia kupitia dirishani. "Mpeleke mtoto, kisha uniletee gari. Jioni utalichukua linapaa."

"Una hakika litafaa kwa kila siku?" Marashi aliuliza. "Maana shangazi wa mtoto alisema gari halina..."

"Shangazi anashona viti," mdogo wangu alisema.

Kisha akamgeukia Nukta, aliyekuwa amesimama na begi mgongoni, akachuchumaa mbele yake. Akatoa mfukoni kikopo cha dawa ya mafua, ile ya kupaka inayowasha. Akachota kwa kidole, akampaka mtoto chini ya pua, mstari mnene, mpaka macho ya mtoto yakalowa.

"Ulinzi tayari," alimnong'oneza, lakini mimi nilisikia. "Kumbuka. Hewa ya yule mtu usiivute. Ukiivuta utakuwa kama yeye, na Ijumaa ukija baba hatakujua. Sawa?"

"Sawa, baba."

"Haya, vuta ya kwetu."

Mtoto alivuta hewa kwa nguvu zake zote, kifua kikapanda, mashavu yakavimba. Akafumba mdomo. Akaingia garini, akakaa kwenye kile kiti nilichokishona upya, akajifunga mkanda, na akatazama mbele bila kupepesa. Mdogo wangu alinikonyeza. Kwake ulikuwa mzaha mtamu, wa baba na bintiye.

Nilikielewa kisa chote nikiwa nimesimama palepale. Mtoto huyu alikuwa anapanda mlima mzima hajapumua, au anaiba pumzi kidogokidogo kupitia mkono wa sweta, anameza hewa, anameza dawa inayomtiririkia mdomoni, anameza machozi, mpaka tumbo linakataa. Na alikuwa anamsihi Marashi anyamaze, kwa sababu kutapika maana yake umefungua mdomo. Kinyaa kilichonishika sijawahi kukipata kwenye sponji lolote. Kikombe nilikiweka chini.

Nikaenda nikafungua mlango wa gari.

"Nukta, pumua."

Alitikisa kichwa. Macho yake yalikwenda kwa baba yake.

"Dada, acha, ni mchezo wetu," mdogo wangu alisema.

"Mchezo wenu unamtapisha. Kila Jumatatu, juu ya mlima. Sponji la kiti hiki lilikuwa limeoza kwa matapishi ya mwanao, nimelitupa kwa mikono yangu. Huyu bwana analisugua na kulimwagia manukato mpaka ngozi imepauka. Na hiyo pampu yako pale mezani hakuinunua ili apae. Kainunua kwa sababu anadhani gia ndizo zinamsumbua mtoto."

Marashi alizima injini. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto mwenye mashavu yaliyovimba, halafu akayatazama mabega ya shati lake mwenyewe, kama mtu anayetafuta doa.

"Nilidhani ni mlima," alisema.

Mdogo wangu alikuwa bado anatabasamu, lakini lile tabasamu lilikuwa limebaki tu mdomoni, halina mwenyewe. Alikuja mpaka mlangoni.

"Nukta, mwanangu. Mchezo umekwisha. Pumua."

Mtoto aliinama nje ya gari, akatoa pumzi huko nje, akavuta nyingine ya nje upesi, akarudi kukaa wima amefumba mdomo. Alikuwa amebobea. Tulimtazama sote watatu.

"Nimesema pumua, mama. Humo ndani. Hakuna neno."

Alitoa tena kichwa nje. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nikipumua utanijuaje?" alimuuliza.

Hakuuliza kwa deko. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, maana alitaka kujua.  Mdogo wangu alinitazama, na mimi sikumsaidia. Ningeweza kusema neno, nimezaliwa na maneno, lakini huu ulikuwa uchafu wake na ilibidi aufute mwenyewe.

Akapiga magoti chini kwenye mafuta machafu. Akamfuta mtoto ile dawa kwa upande safi wa mkono wake, polepole, mpaka ikaisha. Kisha akaingiza kichwa na mabega ndani ya gari, akapita mbele ya kifua cha mtoto, mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na bega la yule mwanamume aliyemwoa mkewe. Akavuta pumzi kwa pua. Aliivuta ndefu, hakudanganya, nilimwona mbavu zinavyotanuka. Ndani ya gari lile kulikuwa bado na masalia ya harufu niliyoyaeleza, na marashi ya asubuhi hiyo juu yake.  Akavuta ya pili.

Marashi aliweka mikono juu ya usukani, akatazama mbele.

Mdogo wangu alitoa kichwa nje akakileta karibu na mtoto.

"Ninuse," alisema.

Nukta alimnusa shavuni, kisha shingoni, akachukua muda wake.

"Unanuka Anko," alisema.

"Nanuka, ndiyo. Umenijua?"

Mtoto alimkazia macho kama anayetafuta kosa. Kisha akaachia ile hewa yote, akarudi nyuma kwenye kiti, akapumua. Alipumua kwa mdomo na pua kwa pamoja, kwa kwikwi, kama mtu aliyetolewa majini.

"Na supachaja?" Marashi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usifunge," mdogo wangu alisema. Alikuwa bado amepiga magoti na hakumtazama. "Ingekuulia injini. Nilijua."

 Marashi alifunga dirisha la upande wake, akalifungua la mtoto, akawasha gari, na wakaondoka taratibu kwenda mlimani. Mdogo wangu alinyanyuka, magoti yake meusi, akalipita lile boksi mezani bila kuligusa. Akazunguka nyuma ya gereji, na nikamsikia anatapika chai yake yote ya asubuhi ukutani. Sikumpelekea maji.